Naombeni ushauri: kanda za marehemu baba nizihamishie kwenye DVD, au diski nazo zimeshakufa?

BintiWaUmoja:

Hamjambo wadau. Naomba mnisome mpaka mwisho, jambo hili linaninyima usingizi.

Baba alikuwa na duka la kukodisha kanda za video hapa Umoja, Nairobi, tangu 1989. Ijumaa jioni ungedhani kuna mkutano, watu wamesimama mpaka nje wakingoja kanda irudishwe. Halafu DVD zikaanza kuonekana mjini. Mteja mmoja akamletea baba akamwambia, "Mzee, agiza hizi." Baba akaigeuzageuza ile diski, akasema haitafika mbali. Haiwezi kurekodi, mkwaruzo mmoja imekufa, na kila nyumba tayari ina deki, nani atatupa deki nzima? Akachukua mkopo wa chama akaongeza kanda. Mwaka 2005 alifunga duka, na deni lile tulililipa hadi nikamaliza sekondari.

Baba alituacha mwaka juzi. Nyumbani kuna kanda zaidi ya 400. Nyingi ni muvi za kukodisha, lakini kama 60 alizipiga mwenyewe kwa kamera ya begani: harusi, ruracio (sherehe za mahari), mazishi, mechi za mtaa. Watu wananipigia wakiuliza, "Mtoto wa mzee, harusi yetu bado unayo?" Ndipo nikapata wazo la kufungua kazi ndogo ya kuhamisha kanda za zamani.

Akiba yangu ni shilingi 85,000. Muuzaji mmoja mjini ananisukumia mashine ya kunakili DVD saba kwa mpigo kwa 45,000. Kaka yangu anasema diski zimekwisha, kila kitu kiende mtandaoni. Nilipobisha akaniambia, "Wewe ni baba mtupu." Iliniuma. Ninaogopa kubashiri vibaya kama yeye. Mtu hujuaje kitu kipya kitashika au kitakufa?

FundiWaLuthuli:

Pole kwa msiba dada. Kabla ya lolote: je, deki unazo? Zinacheza vizuri?

BintiWaUmoja:

Asante fundi. Ninazo mbili za baba. Moja inatafuna kanda, nyingine sijaijaribu.

FundiWaLuthuli:

Basi usitie hata kanda moja ndani ya hiyo inayotafuna. Na hiyo nyingine ijaribu kwanza kwa muvi ambayo hata ikiharibika hutalia.

Fungua kile kifuniko cha mbele cha kaseti, utazame utepe kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe pembeni, hiyo ni kuvu. Itenge na zingine. Ukiicheza, kuvu inahamia kwenye vichwa vya deki, na deki inaambukiza kila kanda itakayofuata. Nimeona mtu akiharibu kanda za familia nzima mchana mmoja.

Na ujue deki mpya hazitengenezwi tena. Funai ya Japani, iliyokuwa imebaki peke yake, ilisimamisha kazi Julai 2016. Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende kwenye deki mbili nzuri za mitumba na kuzifanyia sevisi.

MsomajiWaEastlands:

Dada, niache nimtetee baba yako kidogo, kwa sababu aliyoyasema yalisemwa na wakubwa kuliko sisi.

DVD ilitoka Japani Novemba 1996, ikafika Marekani Machi 1997. Mwanzoni kampuni kubwa za filamu kama Paramount na Fox zilikataa kutoa filamu zao kwa DVD, zikaingia 1998. Wapenzi wa LaserDisc nao, zile diski kubwa kama sahani ya muziki, waliidharau kwa sababu picha yake imebanwa ili itoshe kwenye diski ndogo. Na hoja ya kurekodi aliyokuwa nayo baba ilikuwa midomoni mwa wengi. Hata hivyo, kufikia katikati ya 2003 Wamarekani walikuwa wanakodi DVD kuliko kanda.

Rudi nyuma zaidi. Mwaka 1982 Jack Valenti, msemaji wa kampuni za filamu za Marekani, aliliambia Bunge lao kwamba deki ya video ni kwa watengenezaji filamu kama muuaji aliyekuwa akinyonga wanawake Boston alivyokuwa kwa mwanamke aliye peke yake nyumbani. Universal na Disney walikuwa wameishtaki Sony tangu 1976 kwa sababu ya deki yake ya kurekodi, Betamax. Mahakama ya Juu ikaamua Januari 1984, majaji 5 kwa 4, kwamba kurekodi kipindi cha runinga ukitazame baadaye nyumbani si kosa. Kabla ya muongo huo kwisha, kanda zilikuwa zinaziingizia kampuni hizo za filamu pesa nyingi kuliko kumbi za sinema.

Sasa kosa liko wapi? Mimi naona wote walihesabu uwezo wa mashine wakasahau kutazama mikono ya watu. Baba yako alikuwa na jibu kwenye kaunta yake mwenyewe. Wateja wake walikuja kurekodi? Walikuja kukodi! Mtu wa kukodi anataka kitu chepesi, kisichohitaji kurudishwa nyuma, ambacho mtu wa jana hajakichakaza.

Betamax ni hivyo hivyo. Ilitoka 1975, na wengi waliamini picha yake ingeishinda VHS, aina ya kanda iliyokuwa mpinzani wake. Lakini kanda zake za mwanzo zilichukua saa moja tu, na VHS ilikuja na saa mbili, filamu nzima. Sony wenyewe walianza kutengeneza deki za VHS mwaka 1988.

Lakini usidhani kila mwenye shaka hukosea. Kulikuwa na DIVX, diski ya 1998. Unainunua kwa bei ndogo, unaitazama kwa saa 48, kisha inajifunga mpaka ulipe tena, na mashine yake lazima iunganishwe na laini ya simu. Watu waliikataa, ikafa Juni 1999. HD DVD nayo, diski ya picha kali zaidi, Toshiba waliiacha Februari 2008, miaka miwili tu tangu itoke.

AliyekuwaNaDukaKayole:

Msomaji umeongea vizuri, lakini hayo ni ya Marekani. Hapa Nairobi iliyoua kanda ni VCD kwanza, ile diski ya video iliyotangulia DVD. Picha yake haikuwa bora kuliko VHS, na filamu moja ilikuwa diski mbili, unainuka katikati kubadilisha. Ilishinda kwa sababu ilinakiliwa kwa bei ya chini, ikajaa mtaa wote wa River Road mjini. Mashine za DVD zilipokuja zilicheza na VCD, kwa hiyo hakuna aliyetupa alichonacho. Mzee wetu asingeweza kuliona hilo akiwa amesimama Umoja na kanda zake.

Mimi nami nilikosea. Niliuza muvi za shilingi 50, nikaapa bando za intaneti hazitashuka bei mpaka mtu wa Kayole atazame filamu kwa simu. Nilifunga 2019.

Dada, mashine ya 45,000 usiinunue. Nunua kiandishi cha DVD cha kawaida cha kuchomeka kwenye kompyuta. Wazee bado wanataka diski. Mama yangu kijijini hana hata simu ya kisasa, lakini kila Krismasi anaweka DVD ya harusi yangu na majirani wanajaa sebuleni.

FundiWaLuthuli:

Kweli kabisa. Hifadhi faili la asili kwanza, lenye ubora. Kwa DV, aina ya faili la video lisilobanwa sana, saa moja ya kanda inakula karibu GB 13. Nunua diski ngumu mbili (hard disk za kompyuta) zenye nakala sawa, moja ilale nyumba nyingine. Kutoka hapo anayetaka DVD mpe (ina GB 4.7, saa mbili zinatosha vizuri), anayetaka flashi mpe, wa mtandaoni naye mpe. Hulazimiki kubashiri chochote.

Na programu ya kuingiza picha uiweke PAL, mfumo wa picha za runinga uliotumika kwetu. Ukiiacha NTSC, ule wa Marekani, picha itaruka au itakosa rangi.

WakiliMtaani:

Mawili tu. Zile muvi za kukodisha usizinakili uuze, sheria ya hakimiliki ya 2001 inakukataza. Na harusi za watu usizipandishe mtandaoni bila ruhusa ya wenyewe, hata kaka akisema ndiyo njia ya kisasa. Wengine wameachana, wengine wametangulia.

BintiWaUmoja:

Nimewasoma wote, mara mbili. Muuzaji nimemwambia hapana. Jana nilikagua zile 60 kwenye mwanga wa dirisha: tatu zina unga mweupe, nimeziweka kwenye katoni yao peke yao. Kila kanda ina mwandiko wa baba, tarehe, mtaa, hata nani alipika.

Msomaji, maneno yako ya kaunta yamenigusa sana. Miaka yote hii nilimwona baba kama mtu mkaidi.

Kaka nilimpa simu asome. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama ile ya mama akiimba kanisani 1994 ipo. Ipo. Ni moja ya zile tatu.

FundiWaLuthuli:

Hiyo usiifungue tena wala usiipanguse. Niletee kama ilivyo Jumamosi asubuhi, kabla sijaanza kazi za wengine.