Gemu ya magari ya miaka ya 80 kwenye simu

Nkuhungu_boi: Wakuu habari za jioni, nasaka gemu ya magari ya simu yenye ladha ya miaka ya 80, barabara ndefu, minazi pembeni, rangi kali, hizi za kisasa zinakula bando mno

MzeeWaGemu: Horizon Chase mkuu, ya 2015, wameunda kampuni ya Aquiris ya Brazil. Wamefuata kabisa nyayo za OutRun, gemu ya magari ya Sega ya 1986, na muziki kapiga Barry Leitch yule yule wa gemu ya zamani ya Top Gear, aisee unakolea! Okota madumu ya mafuta njiani, yakikata mbio zimeisha

Nkuhungu_boi: bila data inacheza?

BintiBahi: Inacheza, ukishapakua basi. Mi naicheza kwenye basi la Singida, mtandao ukipotea kabla ya Manyoni gari langu linakimbia tu

Nkuhungu_boi: Asanteni sana, naishusha sasa hivi