Liwali wa Daskyleion: mtumishi wa mfalme, au mfalme mdogo?

Mdadisi

Habari zenu wanajukwaa. Nimekuwa nikisoma kuhusu dola la kale la Uajemi, na nimekwama kwenye jimbo moja la pwani, lile la kaskazini-magharibi mwa Uturuki ya leo ambalo Wagiriki waliliita Frigia ya Hellespont (Hellespont ni mlango-bahari wa Dardanelles wa leo). Makao yake makuu yalikuwa Daskyleion, kando ya ziwa, kusini mwa Bahari ya Marmara. Mwanahistoria wa Kigiriki Herodotus anaeleza kuwa wilaya ya kodi iliyojumuisha watu wa Hellespont, Wafrigia na majirani zao ilitozwa talanta 360 za fedha kwa mwaka, na hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba Artabazus alipewa jimbo hilo na mfalme Xerxes muda mfupi baada ya vita vyake na Wagiriki vya 480 na 479 KK, kisha uzao wake ukaendelea kulishika hadi katikati ya karne ya 4 KK. Ikiwa cheo kinarithiwa hivyo, liwali huyo alitofautiana na mfalme kwa lipi?

Kalamu Kongwe

Ndugu Mdadisi, mimi nisingeanzia juu kwa mfalme. Ningeanzia chini, pale liwali anapogawa kazi kwa watu wake, kwa kuwa hapo ndipo utawala wa jimbo lile unapoonekana bila pambo.

Mfano mzuri unatoka kwa Xenophon, mwandishi wa Kigiriki, naye anazungumzia miaka ya karibu na 400 KK, wakati liwali alikuwa Pharnabazus. Sehemu ya pwani iliyoitwa Aiolis ilikuwa chini ya Mgiriki mmoja, Zenis wa Dardanus, aliyeitawala kwa niaba ya Pharnabazus. Zenis alipofariki kwa maradhi, liwali alikuwa tayari kumpa mtu mwingine nafasi ile, lakini mjane wake, Mania, akafunga safari na msafara mkubwa, akiwa na zawadi za Pharnabazus mwenyewe, za masuria wake na za watu wenye sauti barazani. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mume wangu alikulipa kodi yako yote ukamsifu, basi nami nikikutumikia vivyo hivyo kuna haja gani ya kutafuta mwingine, na nisipokuridhisha si uwezo wa kuninyang'anya unao? Akapewa.

Mania hakulipa kodi tu. Aliajiri askari wa Kigiriki akaiteka miji ya pwani ya Larisa, Hamaxitus na Colonae, huku yeye akitazama mapigano akiwa ndani ya gari lake, na Pharnabazus alipokwenda kuyapiga makabila ya Wamisia na Wapisidia, mama huyo alifuatana naye vitani. Mwishowe aliuawa na mkwewe, Meidias, ambaye alimuua pia mwanawe wa miaka kama kumi na saba, akazishika ngome zilizokuwa na hazina, kisha akapeleka zawadi kwa liwali akiomba arithi cheo. Pharnabazus alimjibu azitunze zawadi hizo mpaka atakapokuja mwenyewe kuzichukua pamoja na Meidias mwenyewe.

Hapo, kwa maoni yangu, pana kanuni nzima ya utawala ule: mradi kodi inafika na askari wanapatikana, haikujalisha kama mtawala wa chini ni Mwajemi au Mgiriki, mwanamume au mwanamke. Lakini alichokuwa nacho hakikuhesabiwa kuwa chake. Dercylidas, jemadari wa mji wa Kigiriki wa Sparta, alipomnyang'anya Meidias ngome hizo mwaka 399 KK, aliuliza kwanza Mania alikuwa mtu wa nani. Alipojibiwa kuwa ni wa Pharnabazus, akasema basi na mali yake ni ya Pharnabazus, na kwa kuwa Pharnabazus ni adui, mali hiyo sasa ni yetu. Ilitosha kuwalipa askari 8,000 mshahara wa karibu mwaka mzima.

Mchunguza Mihuri

Nakubaliana na Kalamu Kongwe kuhusu ngazi za chini, ila maelezo yake yanamfanya liwali aonekane kama mwenye mali wa mwisho, na sivyo. Juu yake kulikuwa na karatasi, kama tunaweza kuziita hivyo.

Karibu mwaka 522 KK, katika vurugu zilizofuata kifo cha mfalme Cambyses, liwali wa jimbo jirani la Sardis aitwaye Oroetes alimuua mwenzake wa Daskyleion, Mitrobates, pamoja na mwanawe. Mfalme mpya, Darius, hakutuma jeshi. Alimtuma Mwajemi aitwaye Bagaeus na barua kadhaa zenye mhuri wake, naye alipofika akazitoa moja moja kwa mwandishi wa mfalme ili azisome mbele ya walinzi, akiwatazama nyuso. Alipoona wanaiheshimu mihuri, na maneno hata zaidi, akatoa barua iliyowakataza kumlinda Oroetes, nao wakaweka mikuki chini. Barua ya mwisho iliamuru auawe, wakachomoa majambia yao papo hapo. Herodotus anaongeza kwamba kila liwali alikuwa na mwandishi wa namna hiyo. Oroetes alikuwa na walinzi Waajemi elfu moja, lakini kumbe hawakuwa wake.

Mdadisi

Asanteni sana. Ila Oroetes ni wa mwanzo kabisa wa enzi ya Darius. Je, mkono huo wa mfalme ulikuwa bado unafika huko miaka mia moja baadaye, ukoo wa Artabazus ukiwa umekwisha kujikita?

Mchunguza Mihuri

Ulifika. Katika miaka ya 1950 wachimbaji wa Daskyleion walipata takriban vipande 400 vya udongo vilivyopigwa mihuri, ambavyo zamani vilifunga nyaraka. Nyaraka zenyewe zimeoza, udongo umebaki, na baadhi ya mihuri hiyo ina jina la Xerxes kwa maandishi ya Kiajemi cha kale. Mfalme aliweza pia kuumega mji wa jimbo akampa amtakaye: Lampsacus, mji wa pwani hiyo hiyo, alipewa Themistocles, Mwathene mkimbizi, uwe wa kumpatia divai. Na Pharnabazus mwenyewe, mnamo 412 KK, alikuwa akihangaika kuiondoa miji ya Kigiriki mikononi mwa Athens ili aweze kutoza kodi ya mfalme.

Pharnabazus huyohuyo ndiye aliyekutana na Agesilaus, mfalme wa Sparta, baada ya Wasparta kuiharibu nchi yake. Watumishi wake walianza kumtandikia mazulia, lakini alipomwona Agesilaus amekaa majanini, aliona haya, naye akaketi chini vilevile. Alipotakiwa aasi, alijibu waziwazi: mfalme akimweka jemadari mwingine juu yake, atakuwa rafiki wa Sparta, akimpa yeye amri ya jeshi, atawapiga vita kwa uwezo wake wote.

Kalamu Kongwe

Hapo nimekubali, Ndugu. Hayo si maneno ya mfalme, ingawa si ya mtumishi mnyenyekevu pia.