Mjadala: Mji kuivunja halmashauri yake, ni akili au ni kujinyima sauti?

Wakuu, wengi tulioko huku Maine, Marekani, tunaijua Portland na Lewiston, basi. Kumbe nusu ya jimbo na ushee haina mji wala halmashauri. Ekari zaidi ya milioni 10, misitu mitupu, wakazi wa kudumu kama 9,000. Kwingine hata jina hakuna. Ramani inakuandikia T3 R7 WELS, unadhani ni namba ya gari.

Kodi ya ardhi wanalipa jimboni moja kwa moja, shule ni za jimbo, barabara na zimamoto ni kazi ya kaunti.

Sasa kinachoniumiza kichwa: kuna miji iliyokuwa na halmashauri, wakazi wakapiga kura kuivunja. Madrid ya hukuhuku Maine ilivunjwa rasmi mwaka 2000, Atkinson 2019. Mimi napinga. Kwenye miji midogo huku, kila mwaka, mara nyingi Machi, watu wanajazana ukumbini na mabuti yenye theluji, wanapigia kura bajeti kifungu kwa kifungu: hela ya kuondoa theluji, mchanga wa barabarani, gari la zimamoto. Mzee anasimama anauliza kwa nini mchanga umepanda bei, na anajibiwa palepale. Ukivunja halmashauri, bajeti yako inapitishwa na Bunge la jimbo kule Augusta.

Mchangiaji 1: Mkuu, sauti hailipi ada. Vijana wamehama, watoto waliobaki wanasomeshwa mji wa jirani kwa gharama, na bili wanagawana wachache. Uongozi wenyewe hakuna anayeutaka, karani ndiye huyohuyo mweka hazina. Wakivunja, kodi kwa kawaida inashuka. Tena makamishna wa kaunti wanachaguliwa kwa kura.

Mwanzisha mada: Hapo kwenye viongozi umenibana, nakubali. Ila sehemu kubwa ya ardhi ile ni ya wenye misitu, na tangu 1972 kuna sheria inayowatoza kwa thamani ya msitu kama msitu, si kwa bei ya kiwanja. Kodi ikiwa ndogo, wao ndio wanaocheka zaidi, si bibi mwenye nyumba moja.

Mchangiaji 2: Mnabishana kodi, mimi nauliza theluji. Ikifunga njia saa nane usiku, bibi anampigia nani?

Mwanzisha mada: Kaunti. Walioko kaunti za Aroostook na Piscataquis, semeni ukweli: greda inafika saa ngapi?