Naomba ushauri: hewa ukaa ya kahawa ya kihamba inapimwaje?

Habari zenu wakuu. Mimi ni karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa huku Rombo. Mnunuzi wetu wa Ulaya anataka kiasi cha hewa ukaa kwa kila kilo ya kahawa safi (iliyokobolewa). Ramani za mashamba tunazo, maana sheria yao ya 2023 inakataa kahawa ya shamba lililokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Kinachonitoa jasho ni kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa pamoja: samadi inamwagwa shina la mgomba, mbuni (mti wa kahawa) wa pembeni nao unakula humo humo. Nimejaribu Cool Farm Tool (kikokotoo cha hewa ukaa ya shamba), nikakwama kwenye mbolea.

Hiyo samadi niigawe kati ya mgomba na kahawa kwa eneo, kwa uzito wa mavuno au kwa bei? Na methani ya maji ya kumenyea kahawa yanayooza shimoni, nitaikadiriaje bila maabara?