Mjadala: Pesa za kuhamasisha pikipiki za umeme ziende stejini au kwenye betri?

MtaaWaPili

Hoja ni hii. Tangu mpango wa kitaifa wa usafiri wa umeme ulipozinduliwa Mombasa, Septemba 2023, miradi inayoshuka kwenye kaunti haikosi fungu la "kuhamasisha jamii": hema, spika, fulana, chakula cha mchana na pikipiki mbili za kujaribu. Washirika ni walewale: Sacco za boda, kampuni ya pikipiki, mtoa mikopo na ofisi ya kaunti. Je, fungu hilo linawavuta watu kwenye umeme, au bora lingejenga vituo vya kubadilisha betri?

Mimi nasema betri kwanza. Mtu wa boda hakosi habari, na hesabu anaijua kuliko anayemhubiria. Kilomita 120 kwa siku, injini ya cc 125 hadi 150 inakunywa kama lita 3. Lita ikiwa karibu shilingi 180, hiyo ni 540. Kwa umeme, kilomita moja inakula takriban wati-saa 35, kwa hiyo 120 ni uniti 4.2 (uniti moja ni wati-saa 1,000), ongeza zinazopotea kwenye chaja, zinakaribia 5. Ukichajia nyumbani kwa shilingi 30 uniti, ni 150. Hapo hakuna ubishi.

Ubishi uko hapa: betri ya volti 72, ampea-saa 45, inabeba uniti 3.2 tu. Lazima ibadilishwe au ichajiwe siku ikiwa katikati. Kituo kikiwa kilomita 9 kutoka stejini, kwenda na kurudi ni 18 bila abiria, na karibu moja ya tano ya betri imeisha kwa kuifuata betri. Fulana haitibu hilo.

KaraniWaSacco

Na nani alikiweka kituo kilomita 9? Mtu aliyekaa ofisini akatafuta eneo lenye maegesho kando ya barabara kuu. Sacco ina daftari la stejini: nani analala wapi, nani anabeba maziwa alfajiri, nani anapeleka watoto shule, nani anaenda sokoni na gunia. Ukiweka kabati la kuchajia na kubadilishia betri bila kulisoma daftari hilo, unaweka friji jangwani. Kwa hiyo kuhamasisha si mapambo, ni upimaji. Tatizo ni namna linavyofanywa.

Mkutano wenye maana hauhitaji hema. Leta pikipiki moja na betri mbili zilizojaa. Waulize wenyeji kilima chao kibaya kuliko vyote ni kipi, maana kipo kila stejini. Pakia uzito wa kweli, mtu na gunia la kilo 50, si msichana wa matangazo. Andika kilomita na asilimia kabla ya kuondoka, zunguka njia zao za kawaida hadi ibaki 20, andika tena. Namba hiyo iandikwe kwenye ubao wa steji kwa chaki. Ikitoka kilomita 55 wakati karatasi inasema 90, basi ni 55, na mtu ataamua akiwa anajua.

Baada ya hapo, mkataba usomwe kwa sauti, kifungu kwa kifungu. Betri ni ya nani? Logbuku inatoka lini? Nikichelewa kulipa, wanaizima kwa mbali hata kama nina abiria mgongoni? Pikipiki ikilala gereji siku 6, malipo ya kila siku yanasimama au yanaendelea kuhesabiwa? Hili la mwisho ndilo linalowarudisha watu kwenye petroli, si imani wala ujinga.

Nyaya_Tatu

Wote wawili mmeruka nguzo ya stima. Tufanye hesabu ya kabati la betri 12. Kila chaja ina kama kilowati 1, kwa hiyo kabati likijaa linavuta 12. Betri tupu ya uniti 3.2 inachukua saa 3 na zaidi kidogo kujaa. Kwenye karatasi, saa 15 za kazi zinatoa karibu betri 55. Stejini haitokei hivyo. Watu huja kwa mafungu mawili: saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, halafu saa kumi na moja hadi saa moja jioni. Fungu la kwanza linamaliza betri zote kamili, wa kumi na tatu anapewa ya asilimia 60, na kesho anaiambia steji nzima kwamba kampuni ni matapeli. Kabati hilo lihesabie pikipiki 20, 25 ukibana. Anayeahidi 60 hajawahi kusimama pale saa saba mchana.

Pili, kilowati 12 kwenye fezi moja, yaani laini ya kawaida ya nyumba, mwisho wa laini, chini ya transfoma ndogo inayogawiwa nyumba nyingi: jioni watu wakiwasha majiko na pasi, volti inashuka, chaja zinajizima moja moja. Muuzaji anaona taa nyekundu, anadhani kabati limeharibika, analizima na kuliwasha. Hakuna kilichoharibika. Kabla ya kutia sahihi ya kiwanja, weka kifaa cha kurekodi volti kwenye soketi ya hapo kwa siku 7, usiku na mchana. Ikizoea kushuka chini ya 207, omba fezi tatu au tafuta kiwanja kingine.

Tatu, bei. Mwaka 2023 iliwekwa bei maalumu ya umeme wa magari na pikipiki: wakati huo ilikuwa shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida na 8 usiku, kabla ya kodi na tozo, mradi matumizi yasizidi uniti 15,000 kwa mwezi. Ila inataka mita yake. Kabati lililochomekwa kwenye mita ya duka la mpesa linalipa bei ya duka, na mwendeshaji ndiye anayeibeba tofauti.

MtaaWaPili

Kwa hiyo unakubaliana nami: pesa ziende kwenye nyaya.

Nyaya_Tatu

Nusu. Kipimo cha siku 7 ni pesa kidogo kuliko spika za siku moja.

Gia_Namba_Nne

Mnazungumzia stima na mikataba, hakuna aliyemtaja fundi wa steji. Yeye ndiye anayeulizwa "hii nduthi ya stima ni poa?" na jibu lake linauza au linaua. Akiona hatapata chochote kwenye pikipiki isiyo na oili, plagi ya cheche wala kabureta, atajibu "hiyo ni toi". Mshirika wa kwanza wa mradi wowote awe huyu, na apewe kazi ya kweli: breki, tairi, beringi, cheni kama ipo, na plagi ya betri.

Plagi hiyo ndiyo nataka muiangalie kwa karibu. Inapitisha ampea 40 hadi 60 kwenye kilima na inachomolewa mara mbili kwa siku. Vumbi likiingia na pini zikilegea, inapata joto. Dalili: shika plagi baada ya kupanda mlima. Ikiwa moto kuliko waya wake, pini zimeanza kuungua. Ukifungua utaona shaba imekuwa kahawia na plastiki imelainika pembeni. Usisugue kwa msasa, unatoa utando wa madini wa juu unaozuia kutu, na wiki mbili baadaye inaungua vibaya zaidi. Badilisha upande wa pikipiki na uripoti betri, maana pini mbovu ya betri moja inaambukiza kila pikipiki itakayoivaa.

Malalamiko ya pili: "ilionyesha 30 ikazima ghafla." Betri nyingi sasa ni LFP, zile za lithiamu zenye chuma na fosfeti. Volti yake haishuki taratibu. Kati ya 80 na 20 karibu inasimama pale pale, kwa hiyo kipimo kinachosoma volti peke yake kinabahatisha. Ndani, safu moja ya seli ikiwa na chaji pungufu inafika volti 2.5 kabla ya wenzake, na kibao cha ulinzi kinakata betri yote ili kuiokoa hiyo moja. Dawa ni kuiacha ijae kabisa na ikae kwenye chaja muda, ili kibao kisawazishe seli. Vituo vyenye foleni havifanyi hivyo, vinatoa betri kwa 90 ili watu waende. Miezi inapita, tofauti inakua.

Tatu, milima. Mota iliyo ndani ya gurudumu haina gia. Ukipanda Kisii au Murang'a polepole umevuta hadi mwisho, mkondo unabaki juu, kontrola, kisanduku kinachoipimia mota umeme, inapata joto na inajipunguzia nguvu yenyewe. Mwendeshaji anadhani imekufa. Njia za namna hiyo zinataka mota ya kati yenye cheni. Anayepeleka aina moja ya pikipiki kaunti zote 47 anatafuta matusi.

Pwani_Moja

Kwetu ongeza chumvi na wale vijana wa kuosha kwa pampu. Maji ya kasi yanaingia kwenye kontrola na tundu la plagi, na hewa ya bahari inamalizia. Sponji na ndoo zinatosha.

Mpakani

Kigali hawakubembeleza hivi. Ampersand, kampuni ya pikipiki za umeme, walianza huko 2019, serikali ikaupa umeme wa kuchajia bei ya viwanda vikubwa, na kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya ya petroli haisajiliwi kubeba abiria jijini. Sheria ilimaliza mjadala.

KaraniWaSacco

Ilikuja baada ya miaka ya vituo, ndugu, tena kwenye jiji moja lenye usajili unaofuatwa. Ukifunga usajili Makueni leo, utapata pikipiki zisizo na namba tu.

Nirudi kwenye fungu. Pendekezo: mradi wa pikipiki 20 usizinduliwe kabla mambo manne hayajaandikwa. Betri angalau 32 kwa hizo pikipiki 20. Rekodi ya volti ya siku 7. Fundi wa steji mwenye stoo ya plagi, viatu vya breki na tairi. Na kifungu kinachosimamisha malipo pikipiki ikiwa gereji. Pesa za hema zikibaki, haya.

MtaaWaPili

Betri 32 nani ananunua? Kampuni itasema 24.

Nyaya_Tatu

24 kwa 20 ni akiba ya 4. Fungu la mchana linakuja watu 14 ndani ya saa 3, na katika saa hizo kabati linarudisha betri 4 tu, zile za waliotangulia kufika, ambazo hazikurudi tupu kabisa. Nne na nne ni nane. Sita wanasimama. Mwoneshe hesabu hiyo kabla hajasema.

Gia_Namba_Nne

Na katika hizo 32 toa 2 za kukaa kwangu zikisawazishwa. Sitaki kusikia zimeazimwa Ijumaa jioni.