Dawa za moyo za Mama

*Jumanne*

Rajabu, saa 1:40 asubuhi: Asalamu alaikum. Mama kapiga mswaki, fizi zinatoka damu haziachi. Mkononi pia pana weusi kama kajigonga, naye anasema hakujigonga popote.

Ma'mdogo: Maskini dada yangu. Asukutue kwa maji ya chumvi.

Da Zuhura: Shikamoo Ma'mdogo. Raja, anakunywa dawa gani? Piga picha maboksi yote.

Rajabu: Ile ya siku zote ya damu isigande, warfarini. Na hii aliyoandikiwa wiki tatu zilizopita moyo ulipoanza tena kudunda ovyo, amiodaroni.

Da Zuhura: Basi nashuku hiyo. Amiodaroni inatuliza mapigo, lakini inalizuia ini lisiivunje warfarini. Dozi aliyoizoea sasa inamzidi nguvu. Walipoongeza hii mpya, INR, kile kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, ilirudiwa?

Rajabu: Hatukuambiwa. Tarehe yetu ni mwezi ujao.

Ma'mdogo: Si aache zote mbili mpaka damu ikate?

Da Zuhura: Tusijiamulie, Ma'mdogo, nakuomba. Moyo ukidunda vile damu inatuama ndani yake, inaganda, bonge likipanda kichwani ni kiharusi. Na amiodaroni hata akiiacha leo, inabaki mwilini wiki nyingi, hata miezi. Raja, mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje jioni. Beba maboksi yote.

Salma: Jamani, wiki iliyopita nilimpa diklofenaki, goti lilikuwa linamsumbua. Nimemuumiza?

Da Zuhura: Hukujua, mdogo wangu. Lakini diklofenaki asinywe tena, ikichanganyika na warfarini inaleta kutoka damu tumboni. Raja, mwambie daktari na hilo. Choo chake ni cheusi?

Rajabu: Anasema hapana. Tuko kwenye bajaji.

Rajabu, saa 7:15 mchana: INR 5.2. Yake inatakiwa kati ya 2 na 3. Warfarini imesimamishwa leo na kesho, halafu ataanza dozi ndogo. Amiodaroni anaendelea. Kipimo tena Ijumaa.

Da Zuhura: Alhamdulillahi! Ijumaa ulizeni na vipimo vya ini na tezi ya shingo, amiodaroni inaweza kuliumiza ini, na ina madini joto mengi yanayoweza kuivuruga tezi. Na akitoka juani ajifunike, ngozi inaungua upesi.

Rajabu: Mama anauliza mchicha ale asile.

Da Zuhura: Ale kama alivyozoea. Mboga za majani zinaipunguza nguvu warfarini, kwa hiyo asizidishe, asiache ghafla.

Ma'mdogo: Ijumaa nakwenda naye mimi. Rajabu, niwekee karatasi ya vipimo mezani.