Mrija wa nyongo umebana miezi 5 baada ya kupandikizwa ini: stenti (kibomba cha kuuweka mrija wazi) gani, na nani ataitoa?

sista_wa_elgon (Mbale)
Habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya nyongo. Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 52, alipandikizwa ini India miezi 5 iliyopita. Mwanawe ndiye aliyemtolea kipande cha kulia. Barua ya upasuaji inasema mirija 2 midogo ya nyongo iliungwa kwenye mrija wake mwenyewe, si kwenye utumbo. Anameza takrolimusi mg 2 asubuhi na jioni na mikofenoleti (zote za kuzuia mwili usilikatae ini), pamoja na aspirini mg 75.

Wiki 3 sasa anajikuna usiku kucha na mkojo umekuwa kama chai isiyo na maziwa. Majibu ya vipimo vya ini kwenye damu: ALP 480, GGT 610, ALT 95, bilirubini (rangi ya njano ya nyongo) 4.2 mg/dL. Ultrasaundi imeandikwa "mirija haijapanuka". Tangu juzi ana homa ya kutetemeka. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu. Hapa wodini tunavutana: mmoja anasema mwili unalikataa ini, aanze steroidi ya mshipa (dawa ya kutuliza kinga), mwingine anasema mrija umebana. Tuanzie wapi? Na kama ni stenti, ipi?

kijana_wa_wodi
Mpeni asidi ya ursodeoksikoli mg 300 mara 2, na rifampisini kidogo kwa kuwashwa. Mrudisheni baada ya mwezi.

duka_la_dawa_gulu
Hapana, rifampisini msiiguse. Inaliamsha ini kuivunja takrolimusi. Ndani ya siku chache kiwango kinaporomoka na hapo ndipo ini litakataliwa kweli. Ursodeoksikoli haina madhara makubwa lakini haipanui kovu hata kwa nywele moja.

Kwa kuwashwa, kolestiramini inasaidia, ila inanasa dawa nyingine tumboni. Dawa nyingine zimezwe saa 1 kabla yake au saa 4 hadi 6 baada yake. Mikofenoleti ndiyo inayoathirika zaidi, kwa sababu sehemu yake huzunguka na nyongo na kurudi mwilini. Kwa dawa hiyo hata kutenganisha saa hakutoshi, kwa hiyo waulizeni waliompandikiza kabla ya kuanza.

Pimeni pia kiwango cha takrolimusi. Damu ichukuliwe saa 12 baada ya dozi ya jioni, kabla hajameza ya asubuhi, kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau. Msiizungushe kwenye mashine kutenganisha maji yake: dawa hii imo ndani ya chembe nyekundu, kinachopimwa ni damu nzima. Sampuli nyingi zinaharibikia hapo, halafu watu wanabadilisha dozi kwa namba ya uongo.

musawo_wa_ini (Kampala)
Sista, hiyo homa ya kutetemeka imebadilisha mpangilio wote. Mchukulieni kuwa ana maambukizi ya njia ya nyongo leo hii, msisubiri picha. Toeni damu ya kuotesha vijidudu, seti 2 kutoka sehemu 2 tofauti, kisha antibiotiki saa hiyo hiyo: piperasilini-tazobaktamu g 4.5 kila saa 8, au kama haipo, seftriaksoni g 2 kwa siku pamoja na metronidazoli mg 500 kila saa 8. Metronidazoli inaweza kupandisha takrolimusi, kwa hiyo rudieni kiwango baada ya siku 3. Jentamaisini iacheni kabatini. Figo zake tayari zina mzigo wa takrolimusi. Ila jueni antibiotiki hazifungui mrija. Nyongo isipopata njia, homa itarudi.

Rudieni malaria kwa kioo, ni sawa, tuko Uganda. Lakini hata ikionekana, haielezi GGT ya 610.

Sasa ultrasaundi. Mirija ya ini lililopandikizwa mara nyingi haitanuki hata ikiziba, kwa hiyo "haijapanuka" isiwatulize. Kazi ya ultrasaundi kwa huyu ni kutazama ateri ya ini kwa Dopla (inayoonyesha mwendo wa damu). Ini lenyewe linapata damu kutoka njia mbili, mrija wa nyongo unategemea ateri peke yake. Ateri ikibana, mirija inakauka na kubana sehemu nyingi ndani ya ini, na hapo stenti moja kwenye kiungo (pale mirija ilipoungwa) haifanyi kitu cha maana. Mazungumzo yanahamia kwenye kufungua ateri au hata kupandikiza upya. Mpigaji picha aandike namba ya RI (ukinzani wa mtiririko wa damu kwenye ateri). Ikiwa chini ya 0.5 na wimbi linapanda polepole, mpelekeni CT ya ateri, mkiangalia kreatinini (kipimo cha figo) kwanza kwa sababu ya dawa ya kung'arisha picha.

Baada ya hapo MRCP, yaani MRI ya mirija ya nyongo. Andikeni hivyo hivyo kwenye fomu. Mkiandika "MRI ya tumbo" mtaletewa picha zisizoonyesha mirija vizuri. Haihitaji dawa ya mshipani, afunge tu saa 4 hadi 6. MRCP ikiwa safi na ateri iko sawa, ndipo kipande cha ini kichukuliwe kutafuta kukataliwa. Steroidi nyingi kwa mtu mwenye vijidudu kwenye nyongo zinaweza kumuua kwa ugonjwa uliokuwa unatibika.

endoskopi_k'la
Nakubaliana na musawo. Niongeze upande wa matibabu.

Kwa kuwa aliungwa mrija kwa mrija, njia ya kwanza ni ERCP: kamera inapita mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, mlango wa nyongo unachanwa kidogo, waya inapenyezwa kuvuka palipobana. Waya ya kawaida ni inchi 0.035, kwa kiungo cha aliyepewa kipande cha kulia mara nyingi inabidi 0.025 laini, maana mirija yake ni midogo na imepinda kona.

Kisha puto, milimita 4 hadi 8 kufuatana na upana wa mrija wenyewe. Likijazwa, kwenye skrini unaliona limebanwa katikati kama mtu aliyejifunga mkanda. Unashikilia sekunde 30 hadi 60 mpaka kiuno hicho kipotee. Kisipopotea, usilazimishe, weka stenti urudi siku nyingine. Na kama upasuaji haujafikisha mwezi 1, puto ni hatari kwa sababu kiungo kinaweza kuchanika. Huyu ana miezi 5, hana shida hiyo.

Puto peke yake halitoshi, kovu linarudi. Ndipo stenti. Za plastiki ni 7, 8.5 au 10 Fr (kipimo cha unene; 10 Fr ni milimita 3.3). Mnaanza na 1 au 2, kila baada ya miezi 3 zinatolewa na kuwekwa nyingi zaidi, jumla kama mwaka 1. Za chuma zilizofunikwa zinatanuka zenyewe hadi milimita 8 au 10, zinakaa miezi 3 hadi 6, safari ni chache. Zinavutia sana kwa mgonjwa anayelipia ndege. Lakini huyu ana mirija 2 iliyoungwa jirani: chuma kilichofunikwa kikikaa kwenye mmoja kinaweza kuziba mlango wa mwingine, na nusu ya ini ikaanza kuoza. Kwake ningechagua plastiki, moja kila mrija. Chuma kisichofunikwa kisitumike kabisa. Nyama inaota ndani yake na hakitoki tena.

Kabla ya siku yenyewe: INR (kipimo cha kuganda kwa damu) chini ya 1.5, chembe sahani zaidi ya 50,000. Manjano ya wiki 3 yanazuia vitamini K kufyonzwa, kwa hiyo INR ikiwa juu mpeni vitamini K mg 10 kwa mshipa, polepole. Aspirini msiisimamishe bila kuuliza, huenda ndiyo inayolinda ateri. Takrolimusi anameza asubuhi hiyo na maji kidogo. Baada ya hapo, maumivu ya tumbo yanayopenya mgongoni ni kongosho kuvimba: pimeni lipesi (kimeng'enya cha kongosho).

mlango_wa_ubavuni (Jinja)
Waya isipopita kutoka chini, kuna njia ya ngozi: sindano inapita kati ya mbavu hadi kwenye mrija, mpira wa 8 hadi 10 Fr unaachwa humo. Ndiyo njia ya kwanza pia kwa walioungwa kwenye utumbo. Akirudi wodini na mpira, sukumeni ml 10 za salaini ya 0.9% mara moja au mbili kwa siku bila kuvuta nyuma. Ukivuta unapandisha uchafu wa utumbo kwenye ini. Pimeni nyongo inayotoka kila siku. Ikizidi ml 500, anapoteza sodiamu na baikaboneti, lazima irudishwe. Mpira uliokauka ghafla huku homa inapanda umeziba. Msingoje kesho.

sista_wa_elgon
Asanteni sana. Seftriaksoni na metronidazoli zimeanza saa 2 usiku, damu ya kuotesha imetoka kabla. MRCP kesho Kampala. Ndugu zake wanataka apande ndege ya Mumbai keshokutwa.

endoskopi_k'la
Asipande ndege na homa ya kutetemeka. Afunguliwe njia ya nyongo karibu, Kampala au Nairobi, ndani ya saa 24 hadi 48, hata kwa stenti 1 tu ya 7 Fr. Kupanua kwa utulivu kunaweza kufanywa na waliompandikiza baadaye. Watumieni picha za MRCP kwa CD au kwa simu, si ripoti tu, wapange wenyewe.

Halafu kitu kinachosahaulika kila mara: stenti ya plastiki inaziba kwa uchafu wa nyongo karibu na miezi 3. Mgonjwa anajisikia vizuri, manjano yameisha, nauli ni ghali, anaacha kurudi. Mwezi wa 5 baada ya stenti anakuja na usaha kwenye ini. Siku ya kumruhusu aandikiwe kwenye kadi: stenti ngapi, aina, ukubwa, tarehe ya kuwekwa, tarehe ya mwisho ya kutolewa. Nakala moja abaki nayo mwanawe, nyingine kwenye faili lako. Damu ya ALP, GGT na bilirubini kila wiki 4. GGT ikipanda mara mbili kuliko ya mwezi uliopita, msisubiri macho kuwa ya njano.

sista_wa_elgon
Kadi nimeanza kuichora. Nitaleta majibu ya MRCP hapa.